Chifu Alikuwa Baba Yangu

Enzi zetu Kimilili, chifu akipita tulisimama wima, mpira wetu wa makaratasi ukabingirika hadi mtaroni. Kijana wa leo hawezi hata kuinua macho kutoka kwa simu. Wenzangu walinionea wivu, maana chifu huyo alikuwa baba yangu. Hawakujua kwamba mimi ndiye niliyewaonea wivu wao, ambao jioni baba zao walikaa uani wakipukuchua mahindi pamoja nao.

Baba alikuwa wa kila mtu. Alipatanisha ndugu waliogombania mipaka, akafuata ng'ombe walioibwa hadi mlimani Elgon, akarudi nyumbani ugali na mrenda vimeshapoa. Mama alikuwa akisema, "Pisheni, mgeni wetu amefika."

Mwaka mmoja aliniahidi kunipeleka Kitale kwa pikipiki yake ya kazi, nikaone maonyesho ya kilimo. Jumamosi hiyo nilivaa gauni la kanisa, Mama akanipaka mafuta mpaka magoti yakang'aa. Baba alikuwa ameshawasha pikipiki wakati jirani yetu mjane alipokuja mbio. Binti yake Nekesa, wa rika langu, alikuwa ameumwa na nyoka shambani. Baba alimfunga kwa leso mgongoni pake, wakaondoka kwenda hospitali ya misheni, Lugulu. Mimi nilibaki mlangoni, vumbi likinishika kwenye yale mafuta.

Aliporudi nilimwuliza kwa nini Nekesa apande na mimi niachwe.

"Wewe uko na baba, binti yangu," aliniambia. "Huyo hana."

Nekesa alipona. Baba akawa anahudhuria mikutano ya wazazi shuleni kwake, na siku ya harusi ndiye aliyemtoa. Kwangu mimi, mikutanoni na harusini alikuja mjomba. Baba alikuwa na baraza.

Juzi kanisa lilimfanyia mzee ibada ya shukrani. Amestaafu zamani, anatembea na fimbo. Watu walisimama mmoja baada ya mwingine kumwita "baba yetu". Nekesa, ambaye sasa ni muuguzi Bungoma, alilia hadi akashindwa kusema. Nilipiga makofi na wengine.

Chifu wa sasa analalamikiwa sana. Wanasema jioni huwezi kumpata, hata simu hashiki. Jana nilimwona sokoni na binti yake mdogo, wameshikana mikono, wakigawana hindi la kuchoma. Nikasimama pale na kikapu changu, nikamwonea wivu yule mtoto.