Mazutu Imeenda Wapi?

Bado nina hasira, na sioni sababu ya kuificha. Chombo kilichopakia mapipa ya mazutu, dizeli ya malori, kiligonga mwamba karibu na ufuko wetu hapa Uvira, mapipa yakapasuka, na asubuhi tulikuta ziwa limefunikwa na mafuta ya rangi rangi. Harufu ilifika mpaka mtaa wa Songo, darasani kwangu, wanafunzi wakaanza kukohoa.

Mama yangu anauza ndagala, dagaa wa ziwa letu. Hazikaushi mchangani kama wengine. Huzitandaza juu ya wavu ulioinuliwa kwa miti, ndiyo maana wanawake wa Sange walikuwa wakimngoja yeye sokoni na kuwapita wengine. Ndagala za mama hazina mchanga. Hilo ndilo jina lake, na hana jingine la kujivunia.

Siku ile wanawake wa ufukweni hawakungoja mtu. Mama aliwatumia salamu rafiki zake wanaolima mpunga Bwegera, wakatuletea majani makavu ya mpunga, lori limejaa, kamio nzima. Tulikuwa tunayatupa juu ya maji, yanakunywa mazutu, tunayavuta kwa reki na kuyarundika shimoni, mbali na ziwa. Kazi ya kuvunja mgongo! Macho yaliwasha, mikono ilinuka hata baada ya sabuni. Lakini mazutu ilikuwa inatoka, tunaiona shimoni kwa macho yetu.

Siku ya tatu wakaja wakubwa na watu wao wenye pompi mgongoni. Kiongozi wao alisema Kifaransa tu, nikaitwa nitafsiri kwa kuwa mimi ni mwalimu. Ati tuache, majani yetu ni uchafu, wageni wanakuja kuangalia ziwa. Yeye ana dawa. Wakapuliza, na kweli, yale mafuta yakakatika na kupotea kama ya sahani ikiguswa na sabuni. Watu wakapiga makofi. Mimi pia nilipiga, mjinga mimi.

Mama hakupiga. Alisogea na beseni lake kiunoni, akasema, "Muulize huyu mkubwa: mazutu imeenda wapi?"

"Mama, nyamaza. Unatutia haya mbele ya watu."

"Haya gani? Kitu kilikuwa hapa, sasa hakipo. Iko wapi?"

Mkubwa akaniuliza yule mama anataka nini. Nami, niliyesoma, niliyevaa viatu vya kazi, nikamjibu kwa Kifaransa kwamba mama anamshukuru. Akatabasamu, akaandika kitu kwenye daftari lake. Mama akadhani swali lake limeandikwa.

Mficha maradhi, kilio humfichua. Haikupita muda tukaanza kuona vifaranga vya samaki vimekufa kwenye maji ya kina kifupi, na ndagala zikiingia kwenye kikaango zinatoa harufu ya mazutu. Unaziosha, unazikamulia ndimu, wapi! Harufu iko ndani ya nyama. Jirani mmoja aliyesomea mambo ya samaki ndiye aliyenieleza. Dawa ile haiondoi mafuta. Inayavunja kuwa matone madogo madogo, yanashuka mahali samaki wadogo wanapopumulia. Yakiwa juu unayavuta kwa majani ya mpunga. Yakishuka, nani atayafuata? Kumbe walisafisha macho ya wageni, siyo ziwa!

Mama alikuwa ameshapeleka mzigo Sange. Mteja wake wa miaka mingi akamrudishia ndagala mbele ya soko zima: "Mama, siku hizi unazianikia kwenye garaji?" Mama akatia moja mdomoni, akatafuna, akatema. Kisha akapaza sauti mwenyewe: "Musinunue kwangu! Ziko na mazutu!" Akamwaga mzigo wote kwenye shimo la takataka, akarudi Uvira na beseni tupu.

Juma lililofuata akaniambia, "Twende kwa yule mkubwa. Weye unajua lugha yake." Tulikaa kwenye benchi la ofisi mpaka saa sita, ndipo akatupokea. Nikaeleza yote. Akafungua faili lake taratibu, akasoma, akasema hakuna aliyelalamika siku ile. Tena mama mmoja wa ufukweni alishukuru kwa niaba ya wote. Imeandikwa.

"Anasema nini?" mama akauliza.

Safari hii nilimtafsiria kila neno.

"Ni nani huyo aliyeshukuru?"

"Ni weye, mama. Miye ndiye nilimwambia hivyo."

Laiti angenipiga kofi! Akafunga kitenge chake vizuri, akasema, "Basi mwambie sasa kwamba sikushukuru."

Nikamwambia. Mkubwa akajibu kwamba ripoti imeshafungwa.