Nilivyohamisha vijiti vya njia msituni Nyungwe kwa sababu ya kaburi la mke wangu

Wakuu, salamu kutoka Rusizi, Rwanda.

Nimesoma humu watu wakiulizana njia nzuri za hiking upande wetu, kwenye msitu wa Nyungwe. Wamejibiwa vizuri kuhusu viatu, mvua na nyani. Mimi nina jambo la kuongeza, maana njia mojawapo niliilima kwa mikono yangu.

Sina picha. Sitaongeza chumvi, na pale nilipokosea nitasema nilikosea. Shule yangu iliishia la sita, tena Bukavu, Kongo, kwa hiyo Kiswahili changu mtakivumilia.

Nilizaliwa Bukavu, wazazi wangu ni Wanyarwanda waliokimbia zamani. Mwaka 1996 vita ilipoingia mjini tulivuka mpaka tukafika Kamembe, upande wa Rwanda: mimi, mke wangu, na mtoto wetu Neema wa miaka miwili. Mke wangu kila mtu alimwita Maman Neema, na mimi humu nitamwita hivyo hivyo.

Mama mkwe alikuwa amesharudi kabla yetu, anaishi Rwimbogo, analima. Mtoto tukampeleka kwake.

Wiki hiyo hiyo Maman Neema akashikwa na malaria, ikapanda kichwani. Hospitali ya kwetu ilikuwa imejaa wagonjwa. Mtu akatuambia Butare kuna daktari, tukapata nafasi juu ya lori la mizigo.

Barabara ya Butare inapita katikati ya msitu. Huko ndani lori likavunjika springi. Dereva na tanboi, msaidizi wake, wakaingia chini kutengeneza. Maman Neema alifariki kabla hawajamaliza, kama saa nne asubuhi.

Askari waliokuwa wakilinda barabara walisema lori likipona liondoke, hakuna kubaki pale. Hawakusema kwa ubaya. Siku zile msitu haukuwa salama.

Abiria wawili wakanisaidia. Tukapanda mteremko kidogo, tukachimba kwa jembe la mmoja wao, tukamzika ndani ya kitenge chake. Dereva akanipa kile kipande cha springi kilichovunjika, nikakisimika upande wa kichwa.

Halafu nikapanda lori. Ndiyo, nilipanda. Miaka mingi hilo ndilo lililonitesa kuliko kifo chenyewe.

Sasa kuna kitu inabidi niwaeleze ndugu wa mbali. Kwetu mtu akifa, familia inakaa kwenye kilio siku kadhaa, na siku hizo mfiwa hashiki jembe. Siku ya mwisho watu wanakusanyika, wanakunywa kidogo pamoja, wanaondoa kilio. Ndipo wafiwa wanaanza tena kulima, na maisha yanaendelea.

Sisi hatukukaa. Mama mkwe alikataa. Alisema hawezi kuondoa kilio cha mtu ambaye hajui amelala wapi. Kila nilipokwenda kumwona Neema aliniuliza swali moja tu: utanionyesha siku gani?

Hakunitukana hata siku moja. Ananipa chakula, anauliza, nakula, naondoka.

Nilirudi msituni mara tatu kutafuta. Mwenye kuijua Nyungwe ananielewa. Mteremko huu unafanana na ule, na mashigishigi, yale majani makubwa yanayosimama kama miti, yanafunika kila kitu. Baadaye kukawa na miaka ambayo hata kuingia ilikuwa hatari, nikaacha.

Vita ya Kongo ilipokuwa inaelekea kutulia, kazi ikatangazwa: wanatafutwa watu wa kulima njia za watalii. Nikaandikwa. Siwadanganyi, sikuenda kumtafuta mke wangu. Nilikwenda kwa sababu sikuwa na kazi.

Kazi yenyewe iko hivi. Fundi wa vipimo anatangulia, anachomeka vijiti vyenye utepe mwekundu mahali njia itapita. Sisi tunafuata kwa panga. Halafu majembe yanakata mlima kama rafu ya kabati, upana wa mita moja. Mkiona njia imeinama kidogo upande wa bonde msidhani tumekosea, ni ili maji yatoke.

Penye mwinuko mkali anakuja fundi wa mawe kujenga ngazi. Wetu aliitwa Ramazani, Mwislamu wa Kamembe, mtu wa utani kuanzia asubuhi mpaka jioni. Kapita wetu, yaani msimamizi, alikuwa Papa Yohani wa Nyakabuye, mzee aliyewahi kuweka mizinga ya nyuki humo msituni. Tulilala kwenye mahema kando ya barabara, Jumamosi tunarudi nyumbani.

Siku moja nafyeka, panga likagonga chuma.

Nikainama. Ilikuwa ni kile kipande cha springi, kimeshika kutu, kimelala upande. Nikatazama juu, nikatazama chini kwenye barabara. Ni hapo. Na kijiti chenye utepe mwekundu kilikuwa kimesimama katikati ya kaburi.

Nilifunika kile chuma kwa majani nikaendelea kufyeka kama hakuna kitu.

Wakuu, mtauliza kwa nini sikusema. Niliogopa wataniambia nimfukue. Niliogopa fundi atasema njia haipindishwi kwa ajili ya mtu mmoja. Zaidi ya yote niliona aibu, maana ningeulizwa kwa nini nilimwacha pale.

Kesho yake niliamka wenzangu wakiwa bado wamelala. Nikang'oa vijiti tisa, nikavichomeka hatua tano chini ya kaburi. Mimi ambaye sijawahi kudanganya hata kwenye hesabu ya siku za kazi.

Tulilima siku tatu kwenye mstari wangu wa uongo. Ramazani akaweka ngazi kumi na mbili, nzuri sana. Siku ya nne mvua ikanyesha, maji yakaanza kutoka chini ya ardhi yenyewe. Kumbe pale kulikuwa na chemchemi, ndiyo maana fundi alipakwepa. Ngazi zote zikazama, nyingine zikalala ubavu.

Kapita alikasirika. Akasema Ramazani hakuchimba msingi, amekimbiza kazi, afunge virago arudi Kamembe, ataletwa fundi mwingine. Ramazani akajaribu utani, akasema ngazi zimechoka zimekaa. Hakuna aliyecheka. Akaanza kukusanya nyundo zake. Alikuwa na watoto watano.

Nilisikia mdomo wangu unasema kabla sijaamua.

"Ni mimi nilitosha bijiti, nikabichomeka chini. Ramazani hana kosa."

Kapita akanigeukia polepole. "Ulibitosha juu ya nini?"

"Bibi yangu iko pale juu. Nilimuzika mwaka ya vita."

Ramazani akaweka nyundo chini. "Na unaniangalia nabeba mawe siku tatu, papa? Si ungesema tu?" Lakini sauti yake haikuwa ya hasira.

Nikawapeleka. Nikaondoa majani. Papa Yohani akavua kofia, halafu akaniuliza kama tulikaa kilio.

Nikamwambia hapana, lori lilikuwa linaondoka.

"Basi miaka yote hii unalima ukiwa ndani ya kilio," akasema. Akawageukia wengine. "Mutue majembe. Leo hapa hakuna kulima."

Majembe kumi na manne yakalala chini. Mimi ndipo nikalia. Sikuwa nimelia tangu 1996.

Lakini msidhani kapita aliniachia. Alisema fundi wa vipimo nitamwambia kwa mdomo wangu mwenyewe. Na ule mstari wa uongo nitaufukia peke yangu, nipande mimea juu yake mpaka usionekane.

Nilimwambia fundi. Alikunja uso, akaandika sana kwenye daftari lake. Mwishoni akapanda, akafunga utepe upya, njia ipite hatua saba upande wa juu wa kaburi kisha izunguke. Akalalamika kwamba sasa itakuwa ndefu na yenye mlima mkali, watalii watanung'unika. Papa Yohani akamjibu kwamba wakinung'unika waje Nyakabuye kumshitaki.

Kufukia nilianza peke yangu. Siku ya pili Ramazani akaja na beleshi, akasema hakuja kunisaidia, amekuja kutafuta ngazi zake. Alishinda pale hadi jioni.

Jumamosi nikaenda Rwimbogo. Mama mkwe alikuwa anachambua maharage. Safari hii sikungoja aniulize.

"Maman, nimemuona."

Akaacha maharage. Hakuuliza nimeona nini. Aliuliza tu tunaondoka saa ngapi.

Jumatatu tulifika na gari la asubuhi, yeye, mimi na Neema. Wenzangu wote walikuwepo, wamenawa, wengine wamevaa mashati ya kanisani. Papa Yohani alikuwa amebeba bushera kutoka kwake, kile kinywaji cha mtama kisicholevya, ili walokole wanywe na Ramazani naye anywe.

Mama mkwe akaketi chini, akaishika ile springi, akasafisha udongo kwa kucha. Halafu akaongea na binti yake, taratibu, kama mtu aliyeingia chumba cha mgonjwa.

"Maman wangu, kumbe uko kwa baridi hivi?"

Neema akavua kanga aliyojifunika kwenye gari, akaitandika juu ya udongo. Hakuna aliyemwambia.

Tukanywa. Papa Yohani akaomba, Ramazani naye akainua mikono yake akaomba kwa namna yao. Kila mmoja akasema neno fupi, hata wale ambao hawakuwahi kumwona. Mmoja alisema tu, "Mama, utusamehe makelele ya mapanga," na watu wakacheka kidogo, hata mama mkwe.

Mama mkwe akasimama. Akachukua jembe lililokuwa karibu, akanipa.

"Lima, mwanangu. Kilio kimeisha."

Nikapanda kwenye utepe mpya nikapiga jembe la kwanza. Udongo wa pale ni mweusi na laini. Nyuma yangu nikasikia majembe mengine yanaanza, moja baada ya jingine.

Njia ile ipo mpaka leo, inapitwa. Kaburi haliko njiani, liko kando, upande wa chini wa njia, na wapitao hawalioni. Pale kwenye mzunguko mlima ni mkali kweli, fundi hakukosea. Karibu kila mtu anasimama kupumua. Anga ikiwa safi unaona ziwa Kivu kwa mbali.

Mama mkwe amezeeka sasa, lakini kila kiangazi tunampeleka. Anakaa pale kwenye mzunguko na fimbo yake. Watalii wakifika wanahema anawaambia waende polepole, mbele bado kuna mlima. Wanamshukuru. Wengine wanamwomba picha. Anakubali, anakaa vizuri, anatengeneza kitambaa.

Mimi naendelea na kazi ya njia. Kila baada ya mvua kubwa tunarudi kuzibua mifereji. Ni kazi inayochosha mgongo, lakini nalala vizuri.

Nilichojifunza ni kwamba aibu yangu ilikuwa kubwa kuliko kosa langu. Siku ile ile panga lilipogonga chuma ningesema, Ramazani asingebeba mawe bure na mama mkwe angepumzika mapema. Watu niliowaogopa ndio waliokuja kulia na mimi.

Najua humu kuna wengi waliozika mtu njiani miaka ile wakaendelea na safari, huku kwetu, Kongo, Burundi. Kama ni wewe, andika hapo chini. Ulifanikiwa kurudi? Na kama hujarudi, kuna mtu umemwambia?