Rangi za Chini ya Duara

Hosiana alikuwa mdadisi tangu utotoni, na huko machimboni Rwamgasa kitu kimoja kilimnyima raha: hakuwahi kuliona duara, shimo ambamo mumewe, Marcel, alichimba dhahabu kwa miaka. Wachimbaji hawataki mwanamke asogelee mdomo wa shimo. Eti dhahabu itakimbia. Basi dhahabu ya hapa ina miguu.

Siku udongo ulipoporomoka, alisubiri nje ya kamba iliyozungushiwa shimo pamoja na wanawake wengine. Marcel alitolewa mzima, lakini maneno aliyaacha humo humo. Miezi sasa anakula, anaitikia salamu, anakaa. Hosiana aliogopa kwamba amerudishiwa nusu ya mume.

Krismasi ilipokaribia, wanawake walianza kusiriba nyumba zao kama kawaida. Hosiana naye akachanganya udongo mwekundu, udongo wa manjano, majivu, na masizi ya sufuria. Wenzake huchora maua. Yeye akapaka rangi tupu: nyekundu juu, karibu na jua, manjano chini yake, halafu kijivu, na chini kabisa mstari mwembamba mweusi.

"Mama Blessing, hii picha ya nini?" akauliza jirani yake, Vumilia. "Mbona haina mtu?"

"Hata sijui. Nabahatisha tu huko chini kukoje."

Marcel, aliyekaa kivulini, akainua kichwa. Akautazama ukuta hadi chai yake ikapoa, kisha akaja.

"Umekosea," akasema. "Nyeusi umeipunja."

Akachovya tambara kwenye masizi, akaifunika kijivu, akafunika manjano, akapanda hadi kwenye nyekundu aliyoihangaikia mkewe. Vumilia akaguna kwamba kazi nzuri inaharibiwa. Hosiana hakumzuia mumewe. Alifurahi na kuogopa pamoja. Marcel akabakiza doa moja jekundu, dogo kama kizibo cha soda.

"Hilo ni nini, Baba Blessing?"

"Hewa. Ilikuwa inapitia hapo."

Hosiana akasogeza uso kwenye lile doa, akavuta pumzi. Akahisi nyumba nzima imembana kifua. Ndipo akauliza swali alilolimeza tangu siku ile.

"Ulikaa humo muda gani?"

Marcel alichovya tena, akapaka nyeusi kuelekea kulia, taratibu, bila kuinua mkono. Ukuta ukaisha. Akakata kona ya nyumba, akaendelea kupaka.

Hosiana akabeba ndoo ya masizi, akamfuata.