Mita Kumi za Bibi Yustina

Mwanangu, hii stori inanionyesha mjinga, na usinihurumie. Siku ile ya mkutano wa mtaa wetu, hapa Malangali, mdomo wangu ulikuwa umeitangulia akili mbali sana.

Tulikuwa tunagawana kuchimba mtaro wa bomba la maji. Mwenyekiti akasema kazi igawanywe kwa usawa, wote tukapiga makofi. Kumbe kila mtu ana usawa wake kichwani. Nikasimama mimi: kila kaya mita kumi, asiyemaliza haunganishiwi maji. Nilikuwa nimewachoka wale ambao kila kazi ikija mgongo unauma.

Jirani yangu Bibi Yustina, anayeishi peke yake, akanyoosha mkono. "Shambani tukilima matuta, anayefika mwisho kwanza anageuka kumpokea wa nyuma. Mimi huo ndio usawa ninaoujua."

"Bibi, shikamoo," nikasema. "Lakini hata kwenye komunyo kila mtu hostia moja. Padre hamwongezi mtu eti kwa sababu ana njaa."

Mkutano mzima ukacheka. Mwenyekiti, huku anajifuta machozi, akaandika: mita kumi.

Kipande changu kilikuwa udongo laini, saa sita mchana nimemaliza. Cha bibi kilikuwa mwamba. Nikakaa juu ya rundo la udongo wangu natafuna hindi la kuchoma, namwangalia anapiga sururu, sururu inadunda. Siku tatu. Ya nne mkono ukavimba, akaacha.

Sasa sikiliza kinachonichemsha damu mpaka leo. Bomba lilikuwa lazima lipite. Basi vijana wanne, na mimi nikiwemo, tukamalizia kipande chake asubuhi moja. Asubuhi moja tu, mwanangu. Halafu mwenyekiti akasoma daftari lake: Yustina hakumaliza. Bomba likapita mbele ya mlango wa bibi, likaja kwangu.

Mkutano uliofuata nikasimama, nikasema sheria ile tuifute. Wakaanza kucheka kabla sijafika katikati, wanasubiri utani. Nikakaa. Niliwakasirikia wote, lakini aliyewazoesha hivyo ni nani kama si mimi?

Kwa hiyo mtu akikutajia usawa, au haki, au maendeleo, usikimbilie kupiga makofi. Muulize: kwako wewe hiyo inafanyikaje, na nani anabaki nyuma? Na mwenye mdomo kama wangu akichekesha mkutano, tafuta kwa macho yule ambaye hacheki. Mungu akupe masikio mapema, mimi yangu yalichelewa.

Nilipotoka mkutanoni nilimbebea bibi ndoo mbili za maji kutoka bombani kwangu. Akazipokea, akazifunika vizuri, moja moja.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mungu akubariki, akupe miaka mingi. Na ukifika umri huu wangu, wakupimie mita kumi."