Senene wa kwanza hawakuja kwangu, nikajua mke wangu ana mtu

Wakuu, habari za huko mliko. Naandika kutoka Muleba. Haya yamenikuta mwenyewe na sijaongeza chumvi, anayetaka kucheka acheke.

Mimi ni fundi simu. Mke wangu, tumwite Neema, alikulia kisiwani Goziba kwenye kambi za wavuvi. Mama yangu, mwalimu mstaafu wa Kiingereza kule Maruku, hakutaka hata kumsikia. Harusini hakuja. Nami nikasusa, sikukanyaga tena kwake.

Basi Neema akaanza mambo. Kila Jumamosi, "naenda Bukoba sokoni". Anarudi jioni na nyanya.

Jamani, Muleba hakuna nyanya?

Halafu Kiingereza. Anaosha vyombo huku ananong'ona, "He left me. He has left me." Nikichungulia, kimya. Nikiuliza, "Najisomea tu, past simple na present perfect."

Nikaingia Google. Wanasema ya kwanza ni jambo lililopita likaisha, ya pili limetokea lakini bado linagusa mpaka sasa. Heee! Kwa hiyo kuna mwanaume alimwacha, na bado anamuuma! Usingizi ukanipaa.

Kilichonimaliza ni senene, wale panzi wetu wa kuliwa. Kwa msiojua mila zetu Wahaya: msimu ukianza, mke anaandaa senene wa kwanza, anampa mume, mume anamnunulia gauni. Mume hajaonja, hagusi mtu. Neema si Mhaya, lakini mwaka jana alifanya hivyo na gauni nilitoa.

Mwaka huu namwona asubuhi ananyonyoa mabawa, anakaanga, nyumba nzima inanukia. Mimi nimekaa mkao wa kula. Mara anawafunga wote kwenye kopo, anatia kwenye kikapu, anaaga.

Bukoba sokoni!

Kiingereza ningevumilia. Senene? Hapana wakuu.

Nikafunga kibanda, nikapanda gari lililofuata. Bukoba nikamwona anachukua boda, nami nikachukua yangu. "Mfuate yule dada, usimkaribie." Njia nzima najisemea leo ndoa imekwisha, namrudisha kwao Goziba na kikapu chake.

Tukashika njia ya Maruku. Nikazidi kuwaka, kumbe jamaa anatoka kwetu kabisa!

Kisha boda yake ikakata kona ninayoijua. Migomba ile nimeipalilia toka utoto.

Nikaingia bila hodi. Mama amekaa kwenye kiti chake, kopo mapajani, anatafuna. Neema yuko mbele yake na kalamu.

"Shikamoo mama," ikanitoka yenyewe.

"Marahaba. Umefuata mke au senene?"

Neema akasimama. "Nataka kurudia mtihani wa form four. Nikaona mwalimu hawezi kumfukuza mwanafunzi. Mwanzo alinifundishia uani, nimesimama. Leo nimemletea senene wa kwanza, ndiyo kanikaribisha ndani. Nilitaka mpatane kwanza ndipo nikwambie."

Mimi na wivu wangu bado sijaridhika. "Na huyo aliyekuacha ni nani?"

Wakatazamana.

"Mfano ni wangu," mama akasema. "Aliyeniacha ni wewe."

Aisee wakuu, nililia. Mtu mzima, mbele ya mke. Mama akanisogezea kopo. "Kula, omwana wange. Mfano tutatafuta mwingine."

Nilichojifunza: kabla hujamfuata mkeo ukamfumanie, jiulize ni nani wewe mwenyewe umemtelekeza. Gauni nimenunua, tena mawili, la Neema na la mama.

Ila bado kuna kitu sikielewi. Siku hizi Jumamosi tunakwenda wote, na nikiingia tu wale wawili wanahamia Kiingereza na kucheka. Juzi mama kasema, "He has always been like this."

Wataalamu wa lugha, nyanyueni mikono. Nimesifiwa au nimesemwa?