Kisanduku Chenye Jina Lile Lile

Siku mashine ya mwalimu ilipoungua tulikuwa sita: bibi yetu, wadogo zangu wawili, mwalimu mstaafu aliyekuwa jirani yetu, mke wake, na mimi. Nawataja kwa sababu wiki iliyopita nilishuka Kimanga hadi pale iliposimama nyumba ya mwalimu, nikakuta maji. Ziwa limepanda, limechukua sebule, jiko, hata uwanja tuliokuwa tukianikia ndagala, dagaa wetu.

Rafiki yangu, sijui kama uliwahi kuona ordinateri, yaani kompyuta, za zamani za nyumbani, zile ambazo kinanda cha herufi na mashine ni kitu kimoja, ukaziunganisha na televisheni. Programu ilikaa kwenye kaseti ya kawaida, na ikisomwa ililia kama nyuki waliochokozwa. Ya mwalimu aliachiwa na padri aliyerudi kwao. Wazazi wetu walipokufa niliacha shule, na mwalimu akanifundisha kuandika kwa mashine hiyo mitihani ya shule za jirani. Nililipwa unga wa muhogo na ndagala. Kwa chakula hicho bibi aliweza kuwakatalia wajomba waliotaka kugawana wadogo zangu, mmoja apelekwe Sange, mwingine milimani. Kuran, yaani umeme, ikija mchana nilikaa kwenye kinanda, na uani mke wa mwalimu akitwanga sombe, majani ya muhogo, vidole vyangu vikifuata mchi wake.

Kisha kisanduku cha umeme cha mashine kikafa. Mwalimu alikigeuza, akanionyesha maandishi madogo ya chini.

“Jina kubwa la juu ni la wauzaji,” alisema. “Kinanda walinunua kwa watu wengine, akili ya mashine kwa wengine, na hiki kisanduku kwa kiwanda kidogo. Kesho watabadilisha kiwanda, jina libaki. Utafute haya ya chini.”

Akayanakili kwenye karatasi. Nikaifunga kwenye pindo la kitenge, nikavuka mpaka pale Kavimvira hadi Bujumbura.

Muuzaji alinitolea kisanduku chenye herufi zile zile za rangi ya fedha.

“Mwalimu alisema niangalie chini.”

“Mwalimu iko hapa?” Akacheka. “Weye mama mudogo, jina si ile ile? Ona, inaingia. Unataka ikuimbie?”

Kwetu watu wa jina moja ni watu wa nyumba moja. Sikufungua pindo.

Niliporudi wote walikuwa wakinisubiri. Mdogo wangu wa mwisho alipiga makofi.

“Umelinganisha?” mwalimu akauliza.

“Ndiyo, Mwalimu.”

Akachomeka. Televisheni ikamulika mara moja, kisha harufu ya plastiki inayoungua ikajaa sebuleni, na moshi mwembamba ukapanda kati ya herufi za kinanda. Mwalimu akachomoa, akageuza kisanduku, akasoma. Kiwanda kingine, umeme mwingine. Alinitazama kitambo. Halafu akamgeukia mke wake.

“Ni kuran. Imeruka tena.”

“Hii kuran ya Uvira ni mchawi!” bibi akasema, na mke wa mwalimu akailaani hadi jioni. Karatasi ya mwalimu ilikuwa bado imefungwa pindoni mwangu.

Mitihani ikapelekwa kuandikwa kwingine. Nilikwenda Sange kupepeta mpunga wa watu, na wajomba hawakupata mtoto hata mmoja. Lakini mwalimu hakupata mashine nyingine. Alirudi kwenye kalamu, macho yakamwisha, akafa bila kunitamkia neno juu ya kisanduku kile.

Sasa bibi hayupo, sauti ile ya kaseti vijana hawaijui, na samaki wanapita penye kiti changu. Amebaki mjane wa mwalimu, kwa binti yake anayeishi Kavimvira. Kila Jumapili nampelekea mikeke wawili, samaki wa ziwa lile.

“Ile kuran,” huniambia, “ndiyo ilimuvunja muzee wangu moyo.”

“Ndiyo, mama,” mimi humjibu, nikiendelea kumwoshea vyombo.

Nimelea wadogo wawili hadi wakajitegemea, lakini sentensi moja imenishinda. Mama yule ananidai ukweli, na hajui kwamba ananidai.