Mbio za Kijeshi Zilivyonikojoza Kahawa

Wakubwa zangu shikamooni, na nyie wenzangu wa darasani mambo vipi. Anayetaka kucheka acheke sasa hivi amalize, maana nikifika kwenye habari za mkojo nataka utulivu.

Naitwa Shabani, nasoma kidato cha tatu hapa Morogoro. Kabla ya kuugua nilikuwa nakimbia. Sikuwa wa kutajwa redioni, nilikuwa mkimbiaji wa kujifurahisha tu. Asubuhi napandisha barabara ya mlimani mpaka pumzi ikate, nageuza, nawahi kuhesabiwa namba shuleni. Ila kilichonipa jina mjini si miguu, ni mdomo. Nikimwigiza mwalimu wa zamu anavyotembea, hata walimu wenzake wanageukia ukutani wapate kucheka.

Wakati huo biashara zilikuwa zimeshafunguliwa, kila kona kibanda, kila kibanda mitumba. Mjomba Hasani, kaka yake mama, alikuwa na meza yake Msamvu. Sisi Waluguru mjomba ndiye mwenye mtoto, akisema amesema. Katika robota moja lilimtokea koti la baridi la Kizungu, la kijani, zito kama mablanketi, lina vifungo vya shaba mpaka shingoni. Kwa joto letu hili nani alinunue? Lilining'inia pale mpaka panya wakalifanya nyumba.

Ndipo zikatangazwa mbio za barabarani za mtindo wa kijeshi, kuanzia njia ya Mzumbe kuja mjini. Kila mkimbiaji abebe kiroba cha mchanga mgongoni, na kila kituo aruke kichurachura kabla ya kuruhusiwa kuendelea. Msimamizi alikuwa mwanajeshi mstaafu, mfupi, filimbi haimtoki mdomoni. Alituonya kwamba raia haruhusiwi kuvaa sare halisi ya jeshi, ila mapambo ya kujitengenezea ruksa. Wengine wakajipaka masizi, wengine wakajifunga majani ya mgomba. Mimi nikamwomba mjomba lile koti. Alicheka mpaka akakaa chini, akalikung'uta, akanifunga vifungo kwa mkono wake mwenyewe, akaniita Jenerali.

Jamani, nilichekesha. Njia nzima watu wanapiga makofi, akina mama wanaacha kupanga mafungu ya nyanya wanikodolee macho. Kichurachura kwetu shuleni ni adhabu, na sidhani kama kuna mwanafunzi aliyekiruka kuliko mimi, kwa hiyo nilijiona mtaalamu. Wenzangu wakimaliza wanaondoka, mimi naongeza vingine vya bure kwa ajili ya watazamaji. Nikipewa maji ya kunywa napiga saluti, nayamwaga kichwani, nasonga mbele. Kufungua kifungo kimoja tu kungeharibu mchezo, nikaona aibu kukifungua.

Karibu na Msamvu jasho lilikauka. Nikasikia baridi, juani, ndani ya koti. Vinyweleo vikasimama, barabara ikaanza kupanda na kushuka kama godoro. Nikaanguka kifudifudi na kiroba juu. Watu wakashangilia. Namsikia rafiki yangu Chande, tunayekaa naye dawati moja, anatangaza kwamba Jenerali kapigwa risasi. Nilitaka kumwambia nakufa, ulimi hauinuki. Halafu tumbo likaachia. Nasema wazi kwa sababu walioona wapo na watawaambia hata nikificha: nilijinyea, mbele ya umati, nikiwa na vifungo vya shaba. Chande aliniambia baadaye kwamba hapo ndipo alipojua si utani. Alinusa.

Wakanivua, wakanimwagia ndoo za maji, wakanirudisha nyumbani juu ya mkokoteni. Jioni nikapata nafuu. Mama akasema ni malaria imenipanda na jua, akanipa klorokwini na uji. Mimi nikalala nikiwaza makofi yale na harufu ile.

Asubuhi mapaja yalikuwa magumu kama magogo, siwezi kuchuchumaa. Nikaenda chooni nimeshika ukuta. Mkojo ukatoka rangi ya kahawa, ile kahawa chungu ya vijiweni. Nikatazama, nikamwaga maji haraka.

Sasa hapa ndipo ujinga wangu unapoanza rasmi. Shuleni tulikuwa tumetoka kufundishwa magonjwa ya zinaa na ukimwi, na mimi ndiye niliyekuwa nawaigizia darasa mwenye kisonono anavyokojoa, nimeshika ukuta hivyo hivyo, nakunja uso. Nikawaza, nikisema mkojo umebadilika, nani ataamini kwamba sijamgusa mtu? Mama atalia, mtaa utajua, Chande atapata cha kusimulia mpaka mitihani ya mwisho. Nikanyamaza. Mama akiniuliza namwambia kichwa tu. Akinipa dawa ya malaria namsifia, naimeza. Kila nikienda chooni natoka na kopo tupu, nimesafisha kila tone.

Baada ya siku chache hapakuwa tena na cha kusafisha. Mkojo uligoma. Uso ukavimba, macho yakabaki mstari, kila nilichokula kikarudi. Mama akamwita mjomba. Alikuja na vumbi la mitumba mikononi, akakaa kitandani, mama akabaki mlangoni.

"Umekojoa lini?" akaniuliza.

Nikamjibu kwamba jeshini hizo ni habari za siri. Hakucheka.

"Shabani, mimi ni mjomba wako. Nakuuliza mkojo."

Nikageukia ukutani, nikamweleza yote, rangi yake, na kwamba sijalala na mtu. Nilisikia mama anaondoka mlangoni. Mjomba akasema polepole, "Vifungo vile nilivifunga mimi." Akanibeba mgongoni mpaka barabarani, mtu mzima na goti lake bovu, mimi nimevimba kama andazi.

Hospitali tulipokewa na daktari mwanamke mwenye sauti ya chini. Aliuliza juu ya mbio, koti, kichurachura, akaniminya mapaja nikapiga yowe. Akamwambia mjomba kwamba misuli ya miguu imekufa sehemu, uchafu wake umeingia kwenye damu na kuziba figo. Dawa ya kwanza ingekuwa maji mengi, siku ile ile.

"Sasa tunajaribu kwa kuchelewa," alisema. "Figo zisipoamka, itabidi Dar. Na huko siwezi kuwaahidi kitu."

Nilitundikiwa dripu, na ili kupima kinachotoka nikaingizwa mpira sehemu ambayo nisingependa kuitaja. Nesi aliyeuingiza ni dada yake Chande. Nilifumba macho nikajifanya maiti, akaniambia maiti hawaoni haya.

Mfuko wa mkojo ulikaa mtupu. Mama alilala sakafuni kwenye kanga, kila akiamka anautazama huo mfuko kabla ya kunitazama mimi. Sikuwa na utani hata mmoja. Niliogopa kufa, na niliona aibu kwamba mama ananing'ang'ania hivi wakati mimi nilimficha kwa sababu ya rangi.

Kisha siku moja, saa ya kufagia wodi, likaja tone. Likaja jingine. Mama akapiga kigelegele, wodi nzima ikageuka kutazama mkojo wangu, wengine wakampa hongera kama aliyejifungua. Ukaendelea kutoka, kahawa, kisha chai ya rangi, kisha wa kawaida. Sikuenda Dar.

Miguu ilichukua muda. Nilijifunza kutembea nikishika viti, na leo natembea vizuri ila kukimbia bado daktari hajaniruhusu. Namshukuru Mungu, daktari, dada yake Chande, na mjomba, ambaye mpaka leo ananitazama miguu kabla ya uso.

Siku niliporudi nyumbani mama aliniuliza kwa nini nilificha. Nikamwambia niliogopa angenifikiria vibaya. Aliendelea kuchambua mchele.

"Ningekufikiria vibaya," akasema. "Halafu ningekupeleka hospitali."

Basi wenzangu, ukiona mkojo wako umebadilika rangi, mwambie mtu siku ile ile. Atakufikiria vibaya. Mwache akufikirie, mradi mko njiani mnakwenda hospitali.